Tuangalie Mzani Kabla ya Kupima

Namna ya kupunguza makosa tunapotathmini wafanyakazi wa miradi

Yafuatayo ni maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mafunzo wa kamati za wakimbizi wa ndani, familia pokezi na viongozi wa mitaa wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema. Msemaji amekuwa msimamizi wa kazi za barabara. Tunayachapisha ili wale ambao hawakuweza kufika wayasome na kuyajadili nyumbani na katika vikundi vyao.

 

Nimeombwa niseme juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani jinsi tunavyowawekea wafanyakazi alama. Huenda mtu atajiuliza: jambo hilo lina uhusiano gani na amani? Nitajibu mara moja. Mradi unapofika kwetu, uwe wa barabara, wa chemchemi au wa shule, kazi huwa chache na watu huwa wengi. Anatafutwa kantonye, kapita, mlinzi, reko wa afya, mwandikishaji. Baada ya mwezi mmoja au mitatu inaletwa karatasi ya kuonyesha nani ataendelea na nani atarudi nyumbani. Karatasi hiyo haijazwi na mgeni kutoka Kinshasa. Inajazwa na mmoja wetu.

Karatasi hiyo ikisema uongo, hata bila kukusudia, familia moja inapoteza chakula, na kundi zima linajiona limedharauliwa. Ndugu zetu waliotoka Salamabila wanajua jinsi swali la "nani amepewa kazi" linavyoweza kuchemsha mahali. Mgodi wa dhahabu wa Namoya ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, na kazi ikasimama mwaka 2019. Katika miaka hiyo, miongoni mwa malalamiko yaliyosikika ni kwamba vijana wa mahali hawakupata sehemu yao ya ajira. Sisemi kwamba alama za wafanyakazi ndizo zilizoleta bunduki. Nasema tu kwamba kazi inayogawanywa bila haki huongeza kuni kwenye moto uliokwisha kuwaka.

Kosa langu mwenyewe

Kabla ya kuwafundisha wengine, nianze na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msimamizi wa kazi ya kutengeneza barabara kwa mikono, kwenye sehemu moja ya njia inayotoka Kasongo kwenda Kabambare. Tulikuwa na makapita wawili. Wa kwanza alikuwa kijana mwenyeji, mchangamfu, anayesema Kifaransa vizuri, na mama yake alitoka kijiji kimoja na mama yangu. Wa pili alikuwa mama mmoja aliyekimbia vita pamoja na watoto wake wanne. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache.

Miezi mitatu ilipoisha niliambiwa nijaze karatasi za tathmini, kwani gari lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Nilikaa usiku huo huo na taa yangu, nikajaza karatasi zote. Kulikuwa na mistari mitano: bidii, ubora wa kazi, kuheshimu saa, kuongoza watu, na tabia. Yule kijana nilimpa tano juu ya tano karibu kila mstari. Yule mama nilimpa mbili. Kwa nini mbili? Nilikumbuka kwamba wiki ile ya mwisho alichelewa siku tatu. Tena, kwa kuwa hakuwa mzungumzaji, nilimwona kama mtu asiye na hamu ya kazi. Mkataba wa kijana ukaendelea, na wa yule mama ukaisha.

Mvua za Oktoba zikaja. Sehemu ya kijana ilikatika mahali pawili, kwani mifereji yake ilichimbwa juu juu. Sehemu ya yule mama ilisimama imara. Ndipo nikaanza kuuliza. Nikaambiwa kwamba siku zile tatu alikuwa kwenye kituo cha afya na mtoto mwenye malaria. Alifika kazini saa nne, akabaki mpaka jua linazama ili amalize meta zake. Watu wote wa timu yake walijua. Mimi sikujua, kwa sababu sikuuliza.

Lakini barabara haikuwa hasara kubwa. Watu waliohama walisema: "Sasa tumeelewa. Kazi ni ya wenyeji." Wawakilishi wao wakaacha kuja katika kamati ya pamoja, ile iliyokuwa inamaliza maneno ya mashamba na ya maji. Kwa miezi miwili kamati haikukaa. Ndani ya miezi hiyo ugomvi mdogo kwenye chemchemi ukakua, na watu wakapigana kwa fimbo.

Nilikwenda kumwomba yule mama msamaha. Alinipa kiti, akaniambia: "Baba, najua hukunichukia. Lakini ulinipima ukiwa umekaa." Mimi nilipata msamaha wake. Yeye hakupata mshahara wake, kwani mradi ulikuwa umekwisha.

Ndugu zangu, fikirini vizuri juu ya jambo hili. Sikula rushwa. Sikuwa na chuki. Mtu anayeuza alama kwa pesa, au anayemdai mwanamke mwili wake ili aendelee na kazi, huyo hakukosea. Ametenda uovu, na anapaswa kushitakiwa kwa shirika na mbele ya sheria. Leo ninasema juu ya makosa ya mtu mwaminifu, ambaye analala vizuri usiku akidhani ametenda haki.

Mnaochimba dhahabu mnajua kwamba mwenye mali akifika kwa mnunuzi, macho yake huenda kwanza kwenye mzani. Kama upande mmoja umelala kabla ya kitu kuwekwa, hata dhahabu safi itapunjwa. Kwetu sisi tunaopima watu, mzani ni macho yetu, kumbukumbu zetu na moyo wetu. Basi tuangalie kwanza unalala upande gani.

Makosa sita tunayoyafanya mara nyingi

Kosa la kwanza ni jambo moja kufunika yote. Mtu ana sifa moja inayong'aa, tunampa alama nzuri kila mahali. Ana kasoro moja, tunamshusha kila mahali. Mwaka 1920 mtaalamu Mmarekani, Edward Thorndike, aliandika juu ya maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapima watu walio chini yao kwa mambo mbalimbali: mwili, akili, uongozi, tabia. Aliona kwamba alama zilifuatana kupita kiasi. Aliyepata alama kubwa kwa umbo lake alipata kubwa pia kwa akili na kwa uongozi, kana kwamba ni kitu kimoja. Ndivyo nilivyofanya mimi. Kifaransa cha yule kijana kilifunika mifereji yake mibovu.

Kosa la pili ni kukumbuka ya jana tu. Miezi mitatu ya kazi inasahauliwa, wiki ya mwisho inabaki. Wafanyakazi wengine wanalijua hilo. Wanalala miezi miwili, kisha wanaamka siku chache kabla ya tathmini.

Kosa la tatu wazee wetu walilitaja zamani: mwamba ngoma huvutia kwake. Tunamwona mtu wa lugha yetu, wa dini yetu, wa kijiji chetu au wa shule yetu kuwa mfanyakazi bora, bila hata kujua kwamba tunamvutia. Hapa niseme wazi kwamba kosa hili si la wenyeji peke yao. Mwenyeji akishika kalamu atasema: "Hawa waliokuja hawaijui kazi ya huku." Aliyehama akishika kalamu atasema: "Huyu ana shamba lake, hana haja na kazi hii." Wote wawili hawajaangalia kazi. Wameangalia mtu ametoka wapi.

Kosa la nne lina pande mbili, huruma na woga, na kwetu limeenea sana. Tunampa mtu alama nzuri kwa sababu ni mjane, au kwa sababu amefiwa, au kwa sababu kesho tutakutana naye msikitini, kanisani au sokoni na hatutaki maneno. Huruma ni jambo jema, lakini ina mahali pake. Orodha ya familia zenye shida ni karatasi moja, na tathmini ya kazi ni karatasi nyingine. Mkitaka kumsaidia mjane, pelekeni jina lake kwenye orodha ya msaada, mpiganie huko. Mkimpa alama tano kwa kazi ambayo hakuifanya, aliyeifanya kweli ataona na atavunjika moyo. Tena mradi utadhani kazi imekwisha, kumbe haijaisha. Lakini pia wapo wenye kupima kwa ukali mno, wanaoamini kwamba alama tano ni ya Mungu peke yake. Mfanyakazi akiangukia kwa mkali anapoteza kazi, na mwenzake mwenye kazi ile ile akiangukia kwa mpole anabaki. Hiyo si haki, ni bahati.

Kosa la tano ni kuwaweka wote katikati. Mpimaji hataki ugomvi, kwa hiyo kila mtu anapewa tatu juu ya tano. Inaonekana kama usawa, lakini tathmini ya namna hiyo haisemi kitu. Na kwa kuwa haisemi kitu, mtu wa juu ataamua nani abaki kwa njia nyingine, na hapo mlango wa kujuana unafunguka.

Kosa la sita ni kusahau hali ya kazi yenyewe. Kantonye mmoja amepewa sehemu ya changarawe ngumu iliyo juu, mwenzake amepewa bonde lenye maji na udongo mwekundu unaonata. Reko mmoja ana nyumba zilizo karibu, mwenzake anavuka mto. Tukiwalinganisha mtu kwa mtu bila kuangalia walipewa nini, tunapima ardhi, kisha tunaandika jina la mtu.

Tufanye nini?

Hakuna mpimaji asiyekosea. Hata hivyo makosa yanaweza kupunguzwa, na njia hizi hazihitaji kompyuta wala pesa nyingi.

1. Tukubaliane kabla ya kazi kuanza. Maneno kama "bidii" na "tabia nzuri" kila mtu anayaelewa kivyake. Badala yake tuandike kitu kinachoonekana kwa macho. Kwa mfano, kwa mfereji wa barabara:

Alama 1: mfereji haujafunguliwa, au maji yanasimama njiani.

Alama 3: mfereji umefunguliwa na maji yanapita, lakini udongo uliotolewa umeachwa ukingoni na utarudi ndani mvua ikinyesha.

Alama 5: mfereji una upana na kina tulivyokubaliana sehemu yote, udongo umetupwa mbali, na maji yana mahali pa kutokea.

Alama 2 na 4 ni za kati. Vivyo hivyo, badala ya "anaongoza watu vizuri", tuandike: ameita majina asubuhi, amegawa vifaa, na jioni vifaa vyote vimerudi. Maneno haya yasomwe mbele ya wafanyakazi siku ya kwanza, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, ili kila mmoja ajue atapimwa kwa nini.

2. Tuandike siku ile ile. Kila msimamizi awe na kaye yake. Kwa kila mfanyakazi, angalau mara moja kwa wiki, aandike mstari mmoja au miwili: tarehe, alichokiona, na sababu. Mfano: "Jumanne. Kapita amefika saa nne. Mtoto yuko kituo cha afya. Meta zote zimemalizika jioni." Kama ningekuwa na mstari huo mmoja, yule mama asingefukuzwa. Na tuandike mazuri pia. Kaye yenye makosa peke yake ni kaye ya polisi.

Mtu asiseme kwamba kuandika ni desturi ya kigeni. Kasongo yetu inajulikana na waganga wa nchi nyingi kwa sababu ya kuandika. Katika miaka ya 1970 kulikuwa hapa na mradi wa afya uliofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ambao ulipanga vituo vya afya kwa ajili ya wananchi. Mwaka 1981 matokeo ya kazi yao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35 yalichapishwa katika gazeti la waganga, Lancet, huko Uingereza. Hawakusema, "Tunaona kama watoto wanapona." Waliwaandika, wakawahesabu. Watoto hao walikuwa watoto wa hapa Kasongo. Basi kuandika tulichokiona kuna mizizi katika ardhi hii.

3. Wapimaji wawe wawili, mmoja kutoka kila upande. Mwenyeji mmoja na aliyehama mmoja, na ikiwezekana mmoja wao awe mwanamke. Kila mmoja aangalie kazi na aweke alama zake peke yake, bila kumwuliza mwenzake. Asiyejua kuandika atumie punje za mahindi, moja mpaka tano, azifunike chini ya kikombe. Kisha wafunue pamoja. Wakitofautiana kwa alama moja, wazungumze. Wakitofautiana kwa mbili au zaidi, wasibishane wakiwa wamekaa. Wasimame, warudi kwenye kazi, waangalie pamoja.

Naomba hapa tusichanganye mambo. Wengi wetu tumezoea kuchagua kamati kwa kura. Katika mpango wa Tuungane, ulioanza mwaka 2007 katika Maniema na majimbo jirani, vijiji vilichagua kamati zao. Kura ni nzuri kwa kuchagua mjumbe. Lakini tathmini ya kazi si kura. Mtu asiye na marafiki wengi anaweza kuwa ndiye aliyechimba mfereji mzuri kuliko wote.

4. Tupime jambo moja kwa watu wote, ndipo tuhamie jambo la pili. Usimalize karatasi yote ya mtu mmoja kwa pamoja. Anza na mifereji: pima mifereji ya kila mmoja. Kisha saa za kufika, za kila mmoja. Kisha vifaa. Ukifanya hivyo, sifa moja haipati nafasi ya kufunika nyingine.

5. Wapimaji wajizoeze pamoja. Kabla ya tathmini ya kweli, waende wote mahali pamoja, waangalie kipande kimoja cha barabara ambacho si cha mtu anayepimwa, na kila mmoja aseme alama yake na sababu. Mkali atajulikana, mpole atajulikana. Hapo ndipo mizani inasawazishwa, kabla mfanyakazi yeyote hajawekwa juu yake.

6. Mfanyakazi asikilizwe kabla ya karatasi kuondoka. Asomewe alama zake, aelezwe sababu, aulizwe kama kuna jambo ambalo hatukuliona. Maneno yake yaandikwe chini, hata kama hatukubaliani naye, kisha atie sahihi au alama ya kidole. Swali moja tu, "Kwa nini ulichelewa?", lingeokoa mambo mengi katika habari niliyowaeleza.

Hatuombi hisani katika jambo hili. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mkataba usio na muda maalum hauvunjwi na mwajiri bila sababu halali, kama vile uwezo au mwenendo wa mfanyakazi. Mikataba mingi ya miradi ni ya muda mfupi, najua, lakini fundisho ni lile lile: uwezo na mwenendo lazima vionekane. Pia Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, katika kanuni ya 22, zinasema mtu asibaguliwe katika kutafuta kazi kwa sababu amehama. Mkiwa na kaye na karatasi za wapimaji wawili, mnaweza kuonyesha kwamba hamkumbagua mtu. Mkiwa na kumbukumbu za usiku mmoja peke yake, hamwezi.

Mambo ambayo dawa hii haiponyi

Sitaki mwondoke hapa na matumaini yasiyo na msingi. Tathmini nzuri haiongezi idadi ya kazi. Kama nafasi ni kumi na watu ni mia moja, tisini watarudi nyumbani, nao watakuwa na uchungu. Haimrudishi mtu kwenye kijiji chake, wala haimtoi mwenye bunduki porini.

Lakini kuna tofauti kati ya uchungu na dharau. Mtu aliyeambiwa, "Mfereji wako ulipata mbili, twende tukauone," atakasirika, halafu atakwenda kuuona. Mtu aliyeambiwa tu, "Jina lako halimo," atatafuta sababu mwenyewe, na sababu iliyo karibu ni kabila, ni dini, ni "sisi" na "wao". Tusimwachie kazi ya kuitafuta. Tumpe sababu ya kweli, iliyoandikwa, ambayo aliyehama na mwenyeji wameiona kwa macho yao wote wawili.

Kwa viongozi wangu wa vijiji nina ombi moja. Mashirika yanapokuja kuwaomba majina ya watu wa kuwapima wafanyakazi, msitoe majina ya jamaa zenu peke yao, hata kama ni watu wema. Na kwa ndugu zangu mliohama: mkiitwa kupima, msikatae kwa kusema, "Sisi ni wageni hapa." Kukaa kwenye mzani pamoja na wenyeji ni sehemu ya kuishi pamoja nao.

Yule mama aliniambia nilimpima nikiwa nimekaa. Tangu siku ile, kabla ya kuandika alama ya mtu yeyote, nasimama na kwenda kuona. Sina fundisho lingine kubwa kuliko hilo.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika makosa sita yaliyotajwa, ni lipi linaonekana zaidi katika mtaa au kijiji chenu? Msitaje jina la mtu, tajeni jambo.

2. Chagueni kazi moja inayofanywa kwenu (kantonye, reko, mlinzi wa chemchemi). Andikeni pamoja alama 1, 3 na 5 zinaonekanaje kwa macho.

3. Je, wapimaji wa kazi kwenu wanatoka upande mmoja au pande zote mbili? Ni nani anaweza kuongezwa?

4. Mfanyakazi akiona amepimwa vibaya, leo anaweza kwenda kusema kwa nani? Kama hakuna mahali, kamati yenu inaweza kufanya nini mwezi huu?